Moyo wa Polepole

Walimrudisha Polepole siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, saa ambayo bucha la baba yake hujaa kuliko saa zote. Mkokoteni ulisimama mbele ya mlango ukiwa na godoro lililofungwa kamba, begi moja na beseni. Mwenyewe alikuwa nyuma hatua ishirini, mkono kifuani, akitembea kama mtu anayefuata mizigo isiyomhusu.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Bucha, alikuwa ameshika shoka, mbavu za ng'ombe zikiwa juu ya gogo. Aliyetangulia kuingia alikuwa baba mdogo wa mkwewe, mzee mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na sauti ya kusikika mbali. Hakusubiri wateja wapungue.

"Mkwe, tumekuletea mtoto wako."

"Anaumwa?"

"Haumwi kitu. Anakula, analala, anaamka. Kazi ndiyo imemshinda. Ndoo moja ya maji, kutoka bombani mpaka nyumbani, anaitua mara nne. Shemeji yangu ana miaka sitini, anampita njiani na ndoo kichwani. Sasa anatuuliza, tumemwoza kijana mke au tumeleta mpangaji?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mama mmoja aliyekuja kununua utumbo akainua macho akaanza kuliangalia bati la paa.

"Tunampa mwezi," mzee akaendelea. "Mfundishe kazi. Akifundishika, mumewe fundi atakuja kumchukua mwenyewe. Asipofundishika, tutajuana."

 Bwana Bucha alimgeukia mteja aliyekuwa mbele yake akamuuliza anataka kilo ngapi, ingawa yule mama alikuwa amekwisha kusema mara mbili. Alipoinua macho tena, mkokoteni ulikuwa umegeuka, na binti yake ameketi juu ya godoro kando ya mtaro, akivuta pumzi mdomo wazi, mbele ya watu.

Aliona aibu. Baadaye alikuja kujilaumu kwamba siku ile jambo la kwanza kuliona lilikuwa aibu.

Jina la Polepole alikuwa amempa yeye mwenyewe, binti akiwa darasa la tatu. Akitumwa dukani, wenzake walikwenda na kurudi yeye akiwa bado njiani. "Huyu ni Bibi Polepole," baba yake alisema siku moja, watu wakacheka, na jina likamganda. Alipoolewa na fundi wa mageti ya chuma, alikwenda nalo kama alivyokwenda na sufuria zake, na kule ukweni halikuchekesha tena mtu.

Jioni hiyo Bwana Bucha alimweka binti kitako sebuleni.

"Kesho unaamka saa kumi na moja. Maji unachota wewe. Hapa kwangu hakuna godoro la mchana."

"Sawa, baba."

"Unataka ndoa yako au huitaki?"

"Naitaka."

"Basi miguu yako ionyeshe hivyo."

Polepole aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kujitetea. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. "Unampigia mtoto kelele kama unamnadi," akasema, kisha akarudi kwenye mchele wake.

*

Siku nne alijitahidi. Bomba lilikuwa chini ya mteremko, nyumba ikiwa juu, na Bwana Bucha, kabla ya kwenda kufungua bucha, alisimama mlangoni kumhesabia. Alimwona akipanda na ndoo, akifika kwenye nguzo ya umeme anaitua. Anasimama. Anaibeba tena. Akifika kwenye ukuta wa jirani, anaitua tena.

"Unapumzika nini, hujafika popote?" alimpigia ukelele kutoka juu.

Polepole aliinua kiganja, kana kwamba anaomba dakika moja. Hakuwa na pumzi ya kujibia.

Siku ya tano mama mtu alimfuata mumewe bucha, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Umeshamwona mtoto anavyolala?"

"Nimwone akilala kwa nini?"

"Analala ameketi. Ameegemea ukuta, mto mgongoni, mwingine juu yake. Nikimlaza ananiambia anazama. Na vifundo vya miguu vimevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Baba, huo si uvivu. Mvivu analala vizuri kuliko watu wote."

Bwana Bucha alifuta kisu kwa kitambaa, upande huu na upande ule. Alitaka kusema kwamba wanawake huwatetea watoto wao wanapokosea. Kabla hajasema, mtoto wa jirani alikuja mbio. Polepole alikuwa ameanguka kwenye nguzo ya umeme, ndoo imemwagika, na alichokuwa akikohoa kilikuwa povu lenye rangi ya waridi.

Walimpeleka hospitali kwenye gari la kubebea nyama, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mama yake alimshika mabega ili asilale. Baba yake aliendesha akiwa bado amevaa aproni yenye damu, na getini mlinzi alimwuliza yeye kwanza ameumia wapi.

*

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yake au kuzidi kidogo. Siku ya tatu, Polepole alipokuwa ameanza kupumua vizuri kwa dawa za kutoa maji, aliwaita wazazi wote wawili kwenye chumba cha kipimo. Binti alikuwa amelazwa ubavu, kitu kama mswaki mnene kikipitishwa kifuani pake, na kwenye kioo cha mashine kulikuwa na picha nyeusi na nyeupe inayochezacheza.

"Huo ndio moyo wake," daktari alisema. "Mzee unafanya kazi gani?"

"Nauza nyama."

"Basi wewe nitakueleza kwa urahisi. Moyo unaujua."

"Naujua kwa kilo," alijibu Bwana Bucha.

Polepole alitabasamu pale kitandani, kwa mara ya kwanza tangu arudishwe.

Daktari aliweka kidole kwenye kioo. "Una vyumba vinne. Viwili juu, viwili chini. Damu iliyokwisha kutumika mwilini inaingia upande wa kulia, na upande huo unaisukuma kwenda mapafuni kuchukua hewa. Ikishachukua hewa inarudi upande wa kushoto, chumba cha juu. Inashuka chumba cha chini, na hicho ndicho kinachoisukuma kwenda mwili mzima, utosini mpaka kwenye kucha. Inafanya hivyo mara laki moja kwa siku, na haina Jumapili."

"Laki moja," alirudia Bwana Bucha, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha hajasikia vibaya.

"Sasa kati ya chumba na chumba kuna kilango, ili damu iende mbele, isirudi. Tazama hiki cha kushoto. Kingetakiwa kufunguka upana wa vidole viwili. Cha kwake kina makovu, kingo zimegandana. Kinafunguka kama tundu la kifungo cha shati."

"Damu ikikosa njia inakwenda wapi?" aliuliza mama.

"Inasubiri mlangoni, mama. Inajazana nyuma, kwenye mapafu, mapafu yanalowa. Akibeba ndoo moyo unakwenda mbio, na ukienda mbio hicho kilango kinakaa wazi muda mfupi zaidi, hata ile kidogo haipiti. Anaposimama njiani anaupa moyo nafasi. Asingekuwa anasimama, msingekuwa naye leo."

Bwana Bucha alitazama sakafu.

"Na kulala ameketi?" mama aliuliza.

"Akilala chali, damu iliyotulia miguuni yote inarudi kifuani. Ndiyo hiyo anayosema anazama."

Daktari alizima mashine, akampa Polepole karatasi ya kujifuta. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, akiandika, "Utotoni aliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba, maumivu yakahama kutoka kiungo hiki kwenda kingine?"

Mama alimtazama mumewe. Polepole alitazama ukuta.

"Aliwahi," Bwana Bucha alisema.

"Alitibiwa?"

"Hapana."

Daktari alieleza kwamba mwili, unapopigana na ugonjwa wa koo wa namna ile, mara nyingine hukosea adui ukaupiga moyo wenyewe. Magoti hupona. Kilango hubaki na kovu, na kovu hukua pamoja na mtoto. Alisema yote hayo kwa upole, kama jambo linalotokea kwa watu wengi, na kweli linatokea kwa wengi. Lakini Bwana Bucha hakuwa anamsikia sawasawa. Mawazo yake yalikuwa yamerudi wakati ule binti yake akiwa darasa la tatu. Asubuhi moja mtoto alisema magoti yanamuuma hawezi kusimama, naye alijua kuna jaribio la hesabu, akaona ni ujanja. Alimwinua kwa mkono mmoja, akamchapa kwa mwingine, akamtoa nje. Mtoto alikwenda shule akiburuza miguu, akishika kuta za nyumba za watu. Wiki ile ile ndipo alipomwita Bibi Polepole.

"Kinaweza kutengenezwa," daktari alikuwa akisema. "Lakini si hapa. Wapo wataalamu wanaokuja, tuna orodha. Tutamwandika. Kwa sasa ni vidonge kila siku na sindano kila mwezi, asikose hata moja. Na asishike mimba. Mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu ya ile aliyo nayo. Kilango hiki hakitaipitisha."

"Mpaka lini?" aliuliza Polepole.

"Mpaka kitengenezwe."



*

Wiki mbili baadaye, Jumatatu alasiri, Bwana Bucha alifunga mlango wa mbele wa bucha akawaita mkewe na binti yake waingie kwa nyuma. Alikuwa amelisugua gogo kwa maji ya moto, na juu yake ameuweka moyo mmoja wa ng'ombe. Mkaguzi wa nyama alikuwa ameupasua upande mmoja tu, kama ilivyo desturi yake, na upande wa kushoto ulikuwa mzima.

"Miaka ishirini na sita nimekata hivi vitu vipande vipande," alisema. "Sijawahi kuufungua mmoja nikauangalia."

Alimvutia binti kiti. Alichukua kisu chembamba, kile cha kutenganishia ngozi, akakata polepole kuliko alivyowahi kukata nyama yoyote.

"Ona ukuta wa huku kulia, mwembamba. Huu unasukuma mapafuni tu, si mbali. Ona wa kushoto. Unene wa vidole vitatu. Huyu ndiye mwenye kazi." Aliingiza kidole gumba, akapanua. "Hiki ndicho kilango."

Vilikuwa vipande viwili vyeupe, laini, vyembamba kama utando wa ndani wa yai, vimeshikwa chini kwa nyuzi nyingi ndogo. Bwana Bucha alimimina maji kwa kikombe kutoka juu. Vile vipande vikaachana vyenyewe, maji yakashuka bila kizuizi. Akauminya moyo kutoka chini, vikainuka vikakutana, visiachie hata tone.

"Umeona? Hakuna mtu anayekisukuma. Kinajua chenyewe."

Mama alisema, "Ati na sisi tunaula na chapati."

Polepole alicheka mpaka akashika kifua, wakamsubiri. Kisha akanyoosha kidole, akagusa ule utando.

"Changu hakipo hivi."

"Hakipo hivi."

"Kwa hiyo, baba, sikuwa mvivu."

Bwana Bucha alikuwa na neno la kusema, na alikuwa amelifikiria siku zote zile. Alishika kisu, akakiweka, akakishika tena. "Hukuwa," alisema. Alinawa mikono, akajipangusa kila kidole kimoja kimoja, kisha akaongeza, "Jumapili nakwenda kwa wakwe. Nao waone."

Kicheko kilitoka usoni mwa Polepole.

"Usiende, baba."

"Walikutukana mbele ya watu."

"Waache watukane. Wewe waambie nimejifunza. Waambie sasa nachota maji. Nikirudi nitajua mwenyewe la kufanya."

"Ukarudi ukafie bombani?"

"Baba, nakuomba."

Lakini alikuwa ameshaamua. Alijiambia anakwenda kusafisha jina la mtoto. Hakujiambia kwamba kulikuwa na asubuhi moja ya zamani, na kibao kimoja, ambavyo naye alitaka visafishwe.

*

Wakwe walimpokea vizuri, wakamkalisha kwenye kochi la wageni. Alikuwepo mama wa fundi, alikuwepo yule baba mdogo, na fundi mwenyewe, kijana mwenye mikono iliyojaa alama za cheche, aliyeketi kwenye stuli karibu na mlango. Bwana Bucha alifungua ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, akaomba sinia, akatoa moyo mwingine wa ng'ombe, wa asubuhi ile.

Alieleza vizuri. Alikuwa ameyarudia njiani kote: vyumba vinne, damu inayoingia na inayotoka, mapafu, kilango. Alimimina maji wakaona yanavyopita. Alichana tundu kwenye karatasi, kipimo cha kifungo, akawaonyesha. Mama wa fundi alisogeza kiti karibu, akaweka mkono mdomoni.

"Maskini mtoto," alisema. "Na mimi nilikuwa nampita na ndoo yangu namcheka."

Bwana Bucha alihisi mzigo unamtoka mabegani. Alifikiri kazi imekwisha.

Ndipo fundi alipouliza, kwa sauti ndogo, macho kwenye sinia, "Anaweza kuzaa?"

"Daktari amesema asishike mimba mpaka kilango kitengenezwe."

"Kitatengenezwa lini?"

"Ameandikwa kwenye orodha."

"Ya muda gani?"

"Hawakusema."

 Maji yalidondoka kutoka kwenye sinia mpaka kwenye zulia, na hakuna aliyeinuka kuyafuta. Baba mdogo alijiweka sawa kwenye kiti, na safari hii sauti yake haikuwa ya kusikika mbali, ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomuumiza Bwana Bucha zaidi.

"Mkwe, tunakushukuru kwa ukweli wako. Wengine wangeficha. Sisi tulidhani ni tabia, na tabia hurekebishika. Kumbe tatizo liko ndani. Huyu kijana ni mtoto pekee kwa mama yake. Binti abaki kwenu atibiwe, Mungu atamsaidia. Sisi hatuna ugomvi naye."

"Mnamwacha?"

"Hatuna ugomvi naye," mzee alirudia.

Bwana Bucha alimtazama fundi. "Na wewe unasemaje? Mke ni wako."

Fundi alifungua mdomo. Mama yake alikuwa analia kimyakimya, upande wa kitambaa machoni. Fundi akaufunga mdomo.

Bwana Bucha aliurudisha moyo kwenye ndoo. Mfuniko ulikataa kukaa, akaibana ndoo kwapani hivyo hivyo, akatoka. Nje mbwa wawili walimfuata mpaka barabarani.

*

Polepole alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea mito yake. Hakulia. Mama yake ndiye aliyetoka nje, wakamsikia akigongagonga masufuria bila sababu.

"Nilikuambia waambie nimejifunza," alisema Polepole.

"Nisingeweza kuwadanganya watu."

"Mvivu walikuwa wamempa mwezi, baba. Mvivu anaweza kubadilika. Mgonjwa hawakumpa hata wiki."

Hakuyasema kwa hasira.  Bwana Bucha alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulipokuwa darasa la tatu," alianza.

"Najua, baba."

"Nilikuchapa."

"Nakumbuka." Alivuta pumzi, akaitoa. "Nilimaliza hesabu zote siku ile. Nilipata nane kwa kumi. Sikukuambia."

Bwana Bucha aliushika mguu wa binti yake juu ya shuka, pale kwenye kifundo, akakaa hivyo mpaka mkewe alipokuja kuwaita kula.

*

Miezi mitatu ikapita. Sindano tatu, hakukosa hata moja. Maji sasa alichota Bwana Bucha mwenyewe kabla ya kufungua kazi, na waliomcheka walicheka siku mbili tatu wakachoka. Ndani ya nyumba hakuna aliyemwita binti kwa jina lile tena, ila hawakuwa wamezoea lingine, kwa hiyo mara nyingi walisema tu "mama" au "wewe."

Jumamosi moja, foleni ikiwa ndefu, Bwana Bucha aliinua kichwa akamwona fundi. Alikuwa wa sita, amesimama kati ya wateja, mfuko mkononi. Kwao lilikuwepo bucha jirani, tena lenye nyama ya bei nafuu. Foleni ikasogea. Akawa wa tatu, akawa wa pili.

"Karibu," alisema Bwana Bucha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ana hali gani?"

"Anapumua. Yuko nyumbani. Ukitaka kumwona, njia unaijua."

Fundi alitazama mbavu zilizoning'inia kwenye ndoano.  Nyuma yake mtu akasema wengine wana watoto wanasubiri chakula.

"Nipimie nusu kilo," alisema fundi.

Bwana Bucha alipima. Alimkatia sehemu nzuri, isiyo na mfupa. Kijana alilipa, akapokea mfuko kwa mikono miwili, akageuka akaondoka bila kutazama njia ya kwenda kwa Polepole.

Mchana Bwana Bucha alipokwenda kula, alimkuta binti ameketi barazani, akitia vifungo kwenye sare za shule, kazi aliyoipata kwa jirani.

"Fundi alikuja dukani," alisema. Hakutaka kumficha jambo tena, wala hakutaka kumwambia.

Sindano ilisimama. "Alisema nini?"

"Aliuliza hali yako. Akanunua nyama."

"Kiasi gani?"

"Nusu kilo."

"Una hakika haikuwa robo?"

"Nilipima mwenyewe. Kwani nini?"

Polepole alilaza sare mapajani, akainyoosha kola yake kwa viganja. "Yeye na mama yake wanakula robo. Nilipokwenda mimi ndipo tukaanza kununua nusu." Akaweka sindano kando. "Wameshapata mtu."

Bwana Bucha hakuwa amelifikiria hilo, na alipolifikiria aliona hakuna njia nyingine ya kulihesabu. Aliketi kwenye ngazi, miguuni pa binti yake.  Barabarani watoto walikimbizana, wakapita, wakarudi wakikimbia bado, kana kwamba kukimbia si kitu.

"Kliniki ni lini?" Polepole aliuliza.

"Alhamisi."

"Tutoke mapema," alisema, akiokota sindano. "Ili nipate nafasi ya kusimama njiani."

"Tutasimama," alisema baba yake. "Popote utakapotaka."